Umestaafu na Unatamani Kuandika? Anza na Mhusika Unayemjua

Wastaafu wenzangu hapa Mtwara huniambia wangependa kuandika, ila hawana hadithi. Mimi huwajibu kwamba hadithi wanayo, tena wanaipenda, ila iliandikwa na mtu mwingine. Chukua mhusika wake mmoja, umwandikie yale ambayo mwandishi hakuyafikia. Hizi ndizo hadithi za mashabiki, na duniani zinaandikwa na watu wa kila umri. Nilizianza nikiwa nimeshaacha kazi ya uuguzi, nikiishi Mikindani, na jioni zangu zimepata kazi ninayoipenda kwelikweli.

Mhusika wangu ni mke wa Kinjekitile. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha tamthilia ya Kinjekitile mwaka 1969, na wengi wetu tuliisoma shuleni. Simulizi za Maji Maji zinasema mganga huyo wa Ngarambe alizama majini, watu wakakata tamaa, akaibuka siku ya pili mwili mkavu. Kila mtu huuliza aliona nini huko chini. Mimi nikauliza: mkewe usiku ule alikaa na nani?

Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi. Usiku wa kusi ambao chombo hakijarudi naujua. Wanawake wanajaa uani, wanazungumzia bei ya mchele na harusi ya fulani, na bahari haitajwi na yeyote. Mwenye mume ndiye anayehangaika kuwapa wageni chai. Basi nikamweka Bibi Kinjekitile uani kwake, na majirani wanaotaja kila kitu isipokuwa maji. Chai niliiondoa, nikaweka uji wa mtama. Majirani nao nikawaleta wakiwa hoi, kwa kuwa waume zao walikuwa wanasukumwa kwenye mashamba ya pamba ya Wajerumani na kilimo cha nyumbani kimewaangukia wao. Kijana mwenye kipaji angeweza kuyaandika maji yale vizuri kunizidi. Ua ule unamtaka mtu aliyewahi kusubiri, na hapo ndipo sisi wenye umri tuna mtaji.

Kwa hiyo usikimbilie shujaa. Mtafute anayepita ukurasa mmoja kisha haulizwi tena: mama mkwe, karani, mtoto aliyetumwa maji. Andika usiku mmoja tu, au safari moja. Kabla ya hapo soma upya kitabu chenyewe mpaka uzisikie sauti zao, maana msomaji aliyekipenda atajua mara moja ukimwekea mhusika maneno yasiyo yake. Mimi naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, umeme ukikatika sipotezi kitu, halafu mjukuu ananisaidia kuhamishia kwenye simu. Msomaji wa kwanza awe mtu anayekijua kitabu. Atakayekusifu tu bila kukisoma hatakusaidia, hata akiwa dada yako wa damu.

Juu kabisa ya kazi yako taja kitabu na mwandishi wake, na usiiuze. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na mbali na sheria, ni heshima kwa aliyekupa mhusika. Hussein mwenyewe aliwaeleza wasomaji wake waziwazi kwamba Kinjekitile wa tamthilia ni wa kubuni, si yule wa historia. Nasi tuwe wazi hivyohivyo.

Ukitaka kuona wengine wanavyofanya, ipo hazina ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki iitwayo Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009 na kuendeshwa na watu wanaojitolea. Kusoma ni bure, ila kufungua akaunti kunahitaji mwaliko, unaouomba na kusubiri zamu. Kila hadithi huwekewa alama ya kiwango, inayoonyesha inawafaa wasomaji wa umri gani. Kiangalie kabla hujafungua, maana zimo za watu wazima, na simu zetu hizi wajukuu nao wanazishika.