Reli ya Tramu Katika Mji Mkongwe: Tazama Kinachobaki Tramu Ikishapita

Jiji linapotangaza kwamba reli mpya ya tramu, yaani treni ya umeme inayopita katika barabara za mjini, itapita katikati ya mji wake mkongwe, picha inayowekwa mbele ya wananchi huwa karibu ile ile kila mahali: behewa jipya linalong'aa, miti iliyojaa majani, anga la buluu, watu wachache wanaotembea bila haraka, na nyuma yao kanisa kuu au jumba la kale likionekana vizuri kuliko linavyoonekana kwa macho. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kusoma michoro ya aina hiyo na kuwashauri wakazi na kamati za urithi wa majengo kabla hawajatoa maoni yao, na ushauri wangu wa kwanza haujabadilika: ombeni picha ile ile bila tramu ndani yake.

Tramu yenye urefu wa mita 30 hadi 45 hupita mbele ya jengo kwa sekunde chache, kisha huenda zake, na hata njia yenye shughuli nyingi huwa tupu kwa sehemu kubwa ya kila saa. Kinachobaki wakati wote ni nguzo, nyaya, majukwaa ya abiria, vibanda vya kungojea, mashine za tiketi, taa za ishara, makabati ya umeme na vibao vya maonyo, na hivi ndivyo vitu ambavyo mchoraji huvififisha au huviacha kabisa. Nimekaa katika mikutano ambayo muda mwingi ulikwisha kwa kubishania rangi ya mabehewa na umbo la pua zake, ilhali mabehewa yatachakaa na kubadilishwa baada ya miaka 30 hivi, na nguzo iliyosimikwa mbele ya lango la kale haitabadilishwa kwa sababu msingi wake wa zege umefungamana na mabomba na nyaya za chini ya ardhi.

Nianze na nyaya za juu zinazoipa tramu umeme, kwa kuwa ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Waya mmoja wa tramu una unene wa milimita 12 hivi na hupita takriban mita 6 juu ya barabara, kwa hiyo katika mtaa ulionyooka, ukitazamwa kutoka pembeni, jicho hulizoea jambo hilo upesi. Shida iko kwenye kona na makutano. Waya uliovutwa hauwezi kupinda kama reli inavyopinda. Huwa ni mfululizo wa vipande vilivyonyooka, na kila unapobadilisha mwelekeo hulazimika kushikiliwa na waya mwingine wa kuuvuta pembeni, ambao nao hufungwa kwenye nguzo au ukutani. Ndiyo maana kona moja kali hubeba nyaya nyingi kuliko mita mia mbili za njia iliyonyooka, na nguzo zake huwa nene zaidi kwa sababu zinavutwa upande mmoja daima. Sasa fikiria mahali ambapo kona hizo huangukia katika miji ya kale: mbele ya uwanja mkuu, kwenye pembe ya soko, penye lango la ukuta wa zamani, yaani pale pale ambapo watu husimama kutazama. Mkipewa ramani ya njia, msianze kwa kuhesabu urefu wake. Wekeni alama kwenye kila kona na mwulize kona hiyo itaonekana kutoka wapi.

Dawa ya zamani, ambayo naipenda kuliko zote, ni kufunga nyaya kwenye kuta za majengo badala ya nguzo, kama inavyofanyika kwa miaka mingi katika miji ya Vienna na Zürich, ambako wapita njia wengi hawana habari kwamba kuna kipande cha chuma ukutani kinachobeba waya uliopo juu ya vichwa vyao. Mtaa hubaki mtupu chini, na nyuso za majengo hazikatwi na mstari wa nguzo. Hata hivyo dawa hii inadai subira. Kila mwenye nyumba anapaswa kukubali, kila ukuta unapaswa kupimwa, na penye wakazi lazima kiwekwe kifaa cha kuzuia mtetemo usisafiri hadi vyumbani. Nakumbuka tukiwa juu ya kreni ya kikapu, fundi akitoboa jiwe la chokaa lililoonekana imara kabisa kutoka chini. Keekee ilipozama sentimita chache, ulianza kutoka unga mwepesi badala ya chembe za jiwe, na nanga ya majaribio, yaani chuma cha kushikilia waya, iliyopachikwa humo ilianza kuchomoka kabla haijafikia nusu ya mzigo uliotakiwa. Hatua mbili pembeni, kwenye jiwe la kona la jengo hilo hilo, nanga ya pili ilishika bila kutikisika. Mhandisi aliyekuwa na haraka angeandika kwamba jengo halifai na kuongeza nguzo mbili kwenye mchoro wake. Katika miradi niliyoifuatilia, kuta nyingi ziliachwa kwa sababu barua za kuomba ridhaa zilitumwa zikiwa zimechelewa, na wala si kwa sababu ya udhaifu wa jiwe. Kwa hiyo wakazi wanaotaka mtaa wao usiwe na nguzo wajipange mapema, waandike wenyewe kwamba wanakubali kuta zao zitumike, na wadai vipimo vifanyike kabla zabuni haijatangazwa.

Wengi watasema kwamba siku hizi tramu zinaweza kwenda bila waya, na ni kweli. Wazo lenyewe si geni: mwaka 1905, tramu ya umeme ilipochukua nafasi ya tramu ya farasi kwenye Daraja la Charles mjini Prague, mhandisi František Křižík aliweka mfumo wa kuchukua umeme kutoka chini, ili nyaya zisikatize katikati ya sanamu za darajani, ingawa tramu iliondolewa darajani mwaka 1908. Karibu karne moja baadaye, Bordeaux, Ufaransa, ilifungua mwaka 2003 tramu inayopata umeme kutoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa kati ya reli mbili za kawaida, ikiwa imegawanywa katika vipande vya mita 8 vyenye kupitisha umeme na vya mita 3 visivyopitisha, na kipande huwashwa tu tramu inapokuwa juu yake. Miaka ya mwanzo ilikuwa na hitilafu nyingi zilizowachosha abiria. Nice ilichagua njia nyingine mwaka 2007: tramu ilishusha pantografu, yaani ule mkono wa juu ya paa unaogusa waya, na kuvuka viwanja vya Masséna na Garibaldi kwa nguvu ya betri. Zaragoza nchini Hispania ilipitisha tramu yake katikati ya mji bila waya, na Seville, iliyoanza mwaka 2007 ikiwa na nyaya karibu na kanisa kuu lake, baadaye iliziondoa. Tramu ya Luxembourg nayo huvuka Daraja la Adolphe, lililokamilika mwaka 1903, bila waya wowote juu yake.

Orodha hiyo isiwalevye. Nimeona wakazi wakishinda vita vya kuondoa waya, kisha wakashangaa kuona mtaa bado umejaa nguzo, kwa sababu taa za barabarani, kamera na taa za ishara, ambazo zingeweza kubebwa na nguzo za tramu, zilihitaji nguzo zake zenyewe. Mbaya zaidi ni mahali waya unapoishia. Waya uliovutwa kwa nguvu unapokatishwa lazima ufungwe kwenye nguzo nzito za mwisho zenye vifaa vya kuukaza, na tramu inahitaji mahali pa kusimama ili ishushe au ipandishe pantografu. Kwa kuwa eneo lisilo na waya huwekewa mpaka kwenye ukingo wa mji mkongwe, nguzo nene kuliko zote za njia nzima hujikuta zimesimama mlangoni mwa mji huo, kwenye ile sura ya kwanza ambayo mgeni anaiona akiingia. Kusogeza mpaka huo mita mia moja nje, hadi kwenye kituo cha nyuma, mara nyingi kunawezekana kabisa ukiulizwa wakati wa usanifu, na huwa vigumu mno baadaye. Swali la kuuliza, basi, ni waya unaishia wapi na nguzo ya mwisho ina ukubwa gani. Kuuliza kama utakuwepo au hautakuwepo hakutoshi.

Chini ya miguu nako kuna mengi. Reli zenyewe, zilizotengana kwa milimita 1,435 katika mifumo mingi mipya, hazisumbui jicho zikilazwa usawa na mawe. Kinachosumbua ni mkanda mpana wa zege au wa jiwe la rangi nyingine unaoonyesha eneo ambalo tramu inapita, kwani mkanda huo hukigawa kiwanja kilichosanifiwa kutazamwa kama sakafu moja. Hapa nashauri uangalifu, kwa sababu watu wasioona vizuri wanahitaji kutambua ukingo wa njia kwa mguu au kwa fimbo, na hitaji hilo halipaswi kupuuzwa kwa ajili ya uzuri. Tofauti ya mguso inaweza kupatikana kwa kuchonga jiwe lile lile kwa namna mbili, bila kuleta jiwe la kijivu kutoka machimbo mengine. Nyasi kati ya reli, ambazo wasanifu wengi huzipenda, zinapendeza sana kwenye barabara pana yenye miti. Katikati ya kiwanja cha mawe mimi huziona kama zulia lililosahaulika. Majukwaa nayo, yenye kimo cha sentimita 30 hivi na urefu wa tramu nzima, huficha vizingiti na misingi ya majengo, hivyo kituo kiwekwe mbele ya ukuta usio na mapambo, kisikae kwenye mstari wa macho unaoelekea mnara.

Kuhusu picha za makadirio, yaani zile zinazoonyesha mtaa utakavyokuwa, mambo machache ya kiufundi yatawaokoa. Picha ipigwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama, mita 1.6 hivi, kwa lenzi ya milimita 50 au inayokaribiana nayo kwenye kamera ya fremu kamili, kwa sababu lenzi pana hurefusha mtaa na kuzifanya nguzo za mbali kuwa vijiti. Miti ionyeshwe bila majani ikiwa huko hupukutisha, nyaya zichorwe kwa unene wake halisi na kwa rangi yake halisi, si kwa kijivu hafifu juu ya mawingu ya kijivu hafifu, na iwepo picha ya usiku. Sehemu za kupigia picha zichaguliwe na wakazi, hasa zile wanazosimama wenyewe bila kufikiri: penye kivuko, mlango wa kanisa, benchi la kiwanja. Kama bajeti inaruhusu, simamisheni nguzo moja halisi ya majaribio mahali pake kwa wiki moja. Mabishano mengi niliyoyaona hayakumalizwa na ripoti, yalimalizwa na nguzo kama hiyo, na mara nyingine walioipinga waliridhika nayo.

Kulinganisha nako kunataka haki. Mara nyingi wapinzani wa tramu hulinganisha mtaa wenye tramu na mtaa mtupu wa kwenye picha ya zamani, wakati mtaa wa leo umejaa magari yaliyoegeshwa na mabasi yenye moshi. Bordeaux iliondoa magari mengi na kusafisha nyuso za majengo yaliyo kando ya mto Garonne katika kipindi kile kile cha kujenga tramu, na UNESCO ikauingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007, tramu ikiwa tayari inapita. Lakini pia yapo maeneo ambayo jibu sahihi ni kuikwepesha njia. Florence ilikuwa na mpango wa kupitisha tramu kando ya kanisa kuu lake, suala hilo likapigiwa kura ya maoni mwaka 2008, na mwaka 2009 uwanja wa kanisa hilo ukafungwa kwa magari na mabasi na kuachiwa waenda kwa miguu, bila tramu. Kwa maoni yangu walifanya vyema, maana nafasi kati ya kanisa na jengo la ubatizo ni ndogo kiasi kwamba hata tramu isiyo na waya ingeziba mlango mmoja kila inapopita.

Jambo la mwisho huwa halimo kwenye mchoro wowote, kwa sababu hutokea baada ya ufunguzi. Kabati la ziada huletwa, uzio mdogo huongezwa baada ya ajali, kibao cha onyo hufuatwa na kibao kingine, na jiwe lililong'olewa kurekebisha bomba hurudishwa kwa kiraka cha lami. Dai mapema kwamba mkataba uwe na kipengele kinachoagiza picha zipigwe tena mwaka mmoja baada ya safari kuanza, kutoka sehemu zile zile na kwa lenzi ile ile, na kwamba kifaa chochote ambacho hakikuwemo katika mchoro ulioidhinishwa kiondolewe au kihamishwe kwa gharama ya aliyekiweka. Hayo maneno ya gharama yasiachwe nje ya mkataba, kwani bila hayo nimeona picha za kulinganisha zikitengenezwa kwa ustadi, zikajadiliwa kwa heshima, kisha zikafungiwa kabatini na kila kitu mtaani kikabaki kilipo.