Mwanangu, Tikolo hakujua

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa chini ya gari la mteja, taa mdomoni. Unasema klabu ya Dar imekuita ukawafundishe vijana wao kriketi, nawe una miaka thelathini na goti bado linakubali. Unauliza ukienda utakuwa umejizika ungali mchezaji. Halafu ukanitega: "Wewe uliyemfuata Steve Tikolo tangu mwanzo, yeye alijuaje kwamba wakati umefika?"

Hakujua. Mkongwe huyo wa kriketi ya Kenya aliaga uchezaji mwaka 2011 kule Kolkata, mechi na Zimbabwe, Kombe la Dunia lake la tano. Tukasikitika, tukazoea. Mwaka 2013, ana miaka 42, huyo tena kavaa jezi ya Kenya! Mtu aliyejua wakati umefika harudi kuokota gongo. Kwa hiyo usingoje kengele, hailii.

Lakini hilo si ninalotaka kukuambia. Ninalotaka kukuambia umelisikia tangu ulipokuwa hujui kutofautisha spana namba kumi na namba kumi na mbili: kujua si kujulisha. Usigune. Najua unaguna.

Kujua, Tikolo alijua. Mwaka 1996, mechi ya kwanza kabisa ya Kenya ya siku moja ya kimataifa, kule Cuttack, mbele ya Wahindi na Tendulkar wao, alipiga mikimbio 65, ndizo alama za kriketi. Wiki chache baadaye Sri Lanka wakatupiga 398 pale Kandy, watu wakafunga redio, yeye peke yake akajibu 96. Na 1997, fainali ya Kombe la ICC, shirika la kriketi duniani, pale Kuala Lumpur, alipiga 147. Mia moja arobaini na saba, mwanangu, na tukashindwa! Mvua ikaingia, hesabu zikapigwa upya, Bangladesh wakapata mkimbio wao wa mwisho kwa mpira wa mwisho. Siku ile nilijifunza kwamba mtu mmoja anaweza kujua kila kitu na isitoshe.

Sasa tufike uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Ulidhani nitaikwepa.

Jumatatu, tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia. Wewe ulikuwa darasa la pili, na mama yako hadi leo anasema nilikuiba shuleni. New Zealand walikuwa wamekataa kuja Nairobi wakihofia usalama, tukapewa pointi za bure, watu wakatucheka kwamba tunapanda ngazi kwa kubebwa. Kwa hiyo mechi ya Sri Lanka ilikuwa ya kuonyesha kama tuna miguu. Tulipiga kwanza, mrushaji wao Muralitharan akatuzungusha, Kennedy Otieno akajitahidi na 60 zake, tukaishia 210 kwa wiketi tisa, yaani wapigaji wetu tisa wametolewa.

Nikatazama ubao nikasema, "Tumekwisha." Nilikuwa na gia boksi ya mteja pale Ngara, dakika chache kwa miguu, na mteja mwenyewe alikuwa mtu wa kelele. Nikakuacha na mjomba wako na mfuko wa njugu, nikaondoka.

Kelele ya kwanza niliisikia nikiwa nafunga boliti. Nikasema wamemtoa mmoja, kawaida. Ya pili. Ya tatu ikaja na honi za matatu kutoka Forest Road, nami mikono imejaa oili, mteja amesimama kichwani. Ningeweza kuacha. Dakika chache, nimekuambia. Sikuacha. Nilikaa pale nikihesabu vifijo kama mtu anayehesabu radi.

Collins Obuya, kijana wa miaka 21, alirusha ova zake zote kumi, kila ova mipira sita, wiketi tano kwa mikimbio 24. Sri Lanka wakafutwa wote kwa 157. Jioni ulikuja gereji ukiwa begani kwa mjomba wako, sauti imekukauka, ukaniuliza, "Baba, uliona?" Nikakujibu, "Niliona." Umekua ukijua kwamba nilidanganya, na hujawahi kunisuta. Nakushukuru, lakini inaniuma vilevile. Yule mteja, kwa taarifa yako, alilipa nusu.

Nimefikiria sana siku ile, na si kwa sababu ya Obuya. Nahodha alikuwa Tikolo. Mabingwa wa 1996 mbele yake, 210 pekee za kulinda, na mpira akauacha mikononi mwa mtoto hadi ova zake zikaisha. Miaka minane kabla hajaaga alikuwa tayari anajulisha. Ndiyo maana nasema ukocha haukuanza aliposhuka uwanjani. Hapana, ngoja. Nahodha anaweza kumnyang'anya kijana mpira wakati wowote, kocha hana mkono huo. Kocha yuko nje ya kamba ya mpaka wa uwanja, na chupa ya maji. Nimejikana mwenyewe, lakini acha ikae hivyo.

Angalia yaliyompata nje ya kamba. Uganda walimchukua 2016. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia ya Daraja la Tatu yakachezwa kwao wenyewe, na wakashuka daraja mbele ya watu wao. Mwaka 2018 akawapeleka Malaysia wakatwaa Daraja la Nne, wakapanda tena. Kisha akaondoka, akaja mwingine, na mwingine. Novemba 2023 kule Windhoek, Uganda wakaifunga Zimbabwe na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi ya ova ishirini kila upande, jambo ambalo hakuna aliyeliota. Juni iliyofuata, kule Guyana, mzee Frank Nsubuga, miaka 43, aliyekuwa mchezaji tangu kabla Tikolo hajawa kocha wao, akarusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, wakawalaza Papua New Guinea. Jina la Tikolo sikulisikia likitajwa siku ile.

Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu usiku. Upande mmoja nasema ni haki, makocha waliokuja baadaye walifanya kazi yao, na vijana walicheza wenyewe. Upande wa pili nakumbuka yule kijana niliyemfundisha injini miaka minne, ambaye sasa ana gereji kubwa kuliko yangu na huwaambia wateja alijifunza mwenyewe. Nikipita pale napiga honi. Anapunga mkono. Basi.

Baada ya Uganda, Tikolo alikwenda kuwafundisha Watanzania, hukohuko unakoitwa wewe. Hilo najua unalijua, ndiyo maana ulimtaja.

Sasa unataka neno la baba: nenda au kaa. Nimeliandika hapa chini mara mbili na mara mbili nimelikata kwa kalamu, maana wewe ndiye utakayesimama nje ya kamba ukisikia wengine wakishangiliwa. Mama yako ameichukua karatasi, ameisoma akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Si umeshamwambia." Mimi sijamwambia mtu kitu.

Baba yako