Jeshi litamsomesha binti yangu udaktari, nikubali?

SWALI: Dada shikamoo, mi niko Texas mwaka wa 15 sasa, binti yangu Zai kapata nafasi ya kusomea udaktari ila ada inatisha. Jumamosi kaja ofisa mwandikishaji wa jeshi hapa nyumbani, kanywa chai, mandazi kala manne, kisha akatoa makaratasi, eti jeshi litalipa ada yote na posho ya kila mwezi, na akisaini tu anapewa dola 20,000. Kuna bure kweli hapo? – Mama Zai

JIBU: Marahaba Mama Zai. Bure hakuna, hilo ni deni linalolipwa kwa miaka ya kutumikia jeshini. Zamani Marekani madaktari walichukuliwa jeshini kwa lazima, ikaisha 1973, kwa hiyo siku hizi inabidi wabembelezwe, ndo maana umeletewa mgeni wa mandazi. Skolashipu hiyo ilianzishwa kwa sheria ya 1972, na sheria hiyohiyo ndo ilizaa chuo chao cha udaktari pale Bethesda, Maryland. Bethesda husomi tu bure, unalipwa mshahara wa luteni usu ungali mwanafunzi, lakini ukimaliza unadaiwa miaka 7. Skolashipu ya Zai ni mwaka kwa mwaka, wakimlipia minne na yeye anatumikia minne.

Sasa hapa ndo wazazi wengi wanapopigwa chenga: miaka ya rezidensi, ile ya kusomea ubingwa, haipunguzi deni. Akitaka upasuaji ni miaka 5 hivi anafanya kwanza, akishamaliza ndo anaanza kuhesabu ile minne, na ubingwa wenyewe wanapanga wao kulingana na mahitaji, anaweza kuomba akakosa. Jeshi la majini ndo lina mtindo wa kumchukua daktari akiwa na mwaka mmoja tu wa intanishipu, yaani mafunzo ya kazi ya mwanzo baada ya chuo, wanampeleka melini au kwa Marines, wale wanamaji wa kupigana nchi kavu, ubingwa utafuata baadaye.

Wengi deni likiisha wanaaga, hasa wapasuaji, maana hospitali za kiraia zinalipa zaidi, na askari ni vijana wazima, wagonjwa wa kupasua ni wachache mpaka mkono unasahau kazi. Jeshi linawashika kwa bonasi na pensheni ya miaka 20. Wa Bethesda ndo hukaa zaidi.

Kama Zai ana grinikadi tu msihangaike, lazima awe raia. Na kabla hajasaini atafute daktari aliyemaliza deni lake amuulize, sio huyo wa mandazi.