Ukitaka kumuua profesa, anzia kwenye daftari la getini

Wadogo zangu mnaoanza kuandika hadithi za upelelezi za chuoni, msikimbilie maiti. Chuo kina chuki za kutosha: msimamizi aliyeikalia tasnifu ya mwanafunzi mwaka mzima, mhadhiri aliyekuta utafiti wake umechapishwa kwa jina la bosi wake, kijana aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, kwa alama moja. Chagua moja uikamue. Miswada mingi ninayoletewa inang'ang'ania mirathi na wivu wa mapenzi, mambo ya kutokea popote, na chuo kinabaki pazia tu.

Dodoma mna bahati. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Miezi mingine ni vumbi na upepo. Ukiweka mauaji Agosti, usimpe mpelelezi nyayo mchangani, upepo utakuwa umezifuta. Mpe daftari la wageni, lile lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Wote tunajua linavyojazwa: unaandika jina, namba ya simu, unakwenda kwa nani, na kwenye saa unanakili ya aliyekutangulia. Wageni wanne mfululizo wote wameingia saa 10:15 jioni! Wa tano kaandika saa 10:37. Huyo ndiye aliyetaka saa yake ionekane.

Mahakamani ndiko wengi wanakochemka. Mtuhumiwa wa mauaji hana dhamana. Akifikishwa kwa hakimu mkazi husomewa shtaka na kuambiwa asijibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, kisha anarudishwa mahabusu kusubiri Mahakama Kuu. Kwa hiyo yule muuaji wako anayepiga magoti kizimbani siku ya pili na kuungama, mfute. Aungame mapema, ofisini kwa mkuu wa idara, au asiungame kabisa (mimi napenda asiungame).

Chuo kibuni. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, ipo tangu 2007 na ukimuua mtu kwenye idara yake halisi, wasomaji wataanza kuulizana ni nani. Chukua ukubwa wake, majengo yaliyotawanyika vilimani, uache jina. Umbali huo ndio utakaobeba utetezi wa mshukiwa wako, basi upime kwa miguu yako, Oktoba, jua la utosini. Mhadhiri wa miaka 60 hawezi kwenda na kurudi katikati ya vipindi viwili, akaingia darasani shati limekauka.