Maswali ya Wasomaji: Kutoka Mumbai Hadi Mandvi, na Kurudi

SWALI: Mhariri, salamu kwako. Mama mkwe wangu, ambaye sasa ana umri wa miaka 71, alizaliwa Mandvi katika eneo la Kachchh, India, akaletwa Mombasa akiwa msichana mdogo. Kaka yake bado anaishi katika nyumba ya wazazi wao, na ameomba wakutane kabla hajafumba macho. Tumekubaliana kwenda watano: mama, mume wangu, mimi na watoto wetu wawili, tukakae wiki tatu mwezi wa Desemba. Sote tuna pasipoti za Kenya. Ndege itatufikisha Mumbai; kutoka hapo hatujui tushike njia gani, na zaidi naiogopa siku ya kurudi, kwa kuwa tikiti zetu za ndege hazibadilishwi tarehe. Tuanzie wapi? — Mkwe wa Mandvi, Mombasa.

JIBU: Dada yangu, anzeni na siku ya kurudi, kisha mpange safari yote kinyumenyume. Mkichelewa siku moja kufika Mandvi, mjomba atawasubiri na chakula kitapashwa moto. Mkichelewa siku moja kufika Mumbai wakati wa kurudi, mmepoteza tikiti tano. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, toeni usiku mmoja katika zile wiki tatu na mlale Mumbai usiku wa kuamkia siku ya ndege, hata kama wenyeji wenu watanuna.

Mandvi haina reli. Treni zitawafikisha Bhuj, makao makuu ya wilaya ya Kachchh, na kutoka hapo ni mwendo wa barabara wa kilomita zipatazo 60. Treni za Mumbai hadi Bhuj husafiri usiku kucha kupitia Surat na Vadodara. Mojawapo, Kutch Express, huondoka katika stesheni ya Bandra Terminus. Mwambieni dereva jina hilo kamili, kwa sababu Bandra peke yake ni stesheni nyingine, ya treni za mjini, na kutoka moja hadi nyingine kwa miguu, mkiwa na masanduku na mtu mzima wa miaka 71, si jambo la kujaribu. Zipo pia ndege za ndani kati ya Mumbai na Bhuj. Ningekuwa mimi, ningekwenda kwa treni ili mama aione nchi aliyozaliwa ikimpita dirishani polepole, na kurudi ningetazama magoti yake yanasemaje. Ule usiku wa Mumbai, hata hivyo, hauondoki kwa sababu mmepanda ndege.

Kinachowaponza wageni wengi ni karatasi inayofanana na tikiti ilhali si tikiti. Katika reli ya India kila abiria huandikiwa hali yake. CNF maana yake kitanda kimethibitishwa. RAC maana yake unaruhusiwa kupanda, lakini mtagawana watu wawili kitanda kimoja cha chini cha pembeni, mmekaa mkielekezeana magoti, mpaka abiria mwingine aghairi safari yake. WL maana yake uko kwenye foleni: umelipa, namba ya PNR, yaani ya kumbukumbu ya tikiti, unayo, kitanda huna. Orodha ya abiria hufungwa saa kadhaa kabla ya treni kuondoka, na tikiti ya mtandaoni ambayo bado iko kwenye WL hufutika yenyewe na fedha zikarudishwa. Fedha hizo hazitawasaidia lolote usiku huo mkiwa mmesimama stesheni.

Tangu Novemba 2024, tikiti za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, si 120 kama zamani. Desemba ni msimu ambao watalii humiminika Kachchh kutazama jangwa jeupe la chumvi la Rann, kwa hiyo ile siku ya sitini muikabili mkiwa macho, na tikiti ya kurudi muikate siku yake ikifika bila kungoja mfike. Ipo nafasi ya dharura iitwayo Tatkal, inayofunguliwa siku moja kabla ya treni kuondoka, saa nne asubuhi za India kwa mabehewa yenye kiyoyozi; lakini tangu Julai 2025, kuikata mtandaoni kunahitaji akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, yaani namba ya utambulisho ya wakazi wa India. Mgeni wa wiki tatu hana namba hiyo. Mwombeni mpwa wa mama aliyeko huko akae tayari na akaunti yake, ila msimtegemee kama njia ya kwanza.

Kuhusu daraja, chagueni 2AC, yaani behewa lenye kiyoyozi na vitanda vya ngazi mbili. Katika 3AC, lenye ngazi tatu, kuna kitanda cha kati, ambacho kikifunguliwa saa nne usiku, aliye chini hawezi tena kuketi wima mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Katika 2AC hakipo. Umri wa mama muuandike sawasawa wakati wa kukata tikiti, kwani mfumo huwapa vitanda vya chini, vikiwapo, wanaume waliofika miaka 60 na wanawake waliofika 45. Stesheni mtawaona wapagazi waliovaa mashati mekundu, mkononi wamefunga bamba la shaba lenye namba. Patana bei kwanza, isome namba ile, kisha ndipo sanduku lipande kichwani.

Kuna mtego mmoja unaotunasa sisi wasemaji wa Kiswahili. Ratiba za India huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na tarehe hubadilika saa sita usiku. Treni iliyoandikwa 00:10 ya tarehe 15 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo jioni ya tarehe 14 muwe mmekwisha funga mizigo. Mwandishi wa safu hii aliwahi kufika stesheni saa sita usiku akiwa ameshiba na amejipumzisha, saa 24 baada ya treni yake kuondoka.

Ruhusa ya kuingia haina ugumu mkubwa. Viza ya kielektroniki ya utalii inaruhusu kutembelea jamaa, na ile ya siku 30, ambayo huhesabiwa tangu siku ya kuwasili, inawatosha. Ombeni kwenye tovuti ya serikali ya India pekee, kwa kuwa tovuti za kuigiza ni nyingi. Katika saa 72 kabla ya kuwasili, jazeni pia kadi ya kielektroniki ya kuwasili, ambayo ni bure. Kwa kuwa mnatoka Kenya, kila mmoja awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kilichotimiza angalau siku 10. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini. Kwa umri wa mama, amwone daktari mapema kabla ya kuchanjwa. Na wenyeji wenu wanatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 24 kwamba wamepokea wageni wa kigeni, kwa ile fomu ambayo wengi wanaijua kama Fomu C. Familia nyingi hudhani sheria hiyo ni ya hoteli tu.

Mkirudi salama, mfikirieni mama kuhusu kadi ya OCI, ambayo hutolewa kwa watu wenye asili ya India, pamoja na watoto, wajukuu na vitukuu wao. Mwenye kadi hiyo haombi viza tena. Inahitaji kuthibitisha asili yake kwa vyeti, na huenda vyeti hivyo vimo katika kabati la mjomba. Muulizeni mkiwa huko.

SWALI: Marehemu baba aliacha bahasha ya rupia: noti za 500 na 1,000, na chache za 2,000. Naenda Rajkot kumzuru dada. Je, nizichukue nikazitumie? — Mrithi, Dar es Salaam.

JIBU: Noti za zamani za 500 na 1,000 ziliondolewa uhalali usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, na muda wa kuzibadilisha umepita. Tena, mtu akikutwa nchini humo na zaidi ya noti kumi za aina hiyo anaweza kutozwa faini, kwa hiyo ziache nyumbani kama kumbukumbu. Noti ya 500 inayotumika sasa ni ya kijivu, nyuma ina picha ya Ngome Nyekundu ya Delhi. Zile za 2,000 ziliondolewa katika mzunguko Mei 2023. Bado ni fedha halali, lakini usitegemee muuza duka azipokee, kwani mahali pake ni ofisi za Benki Kuu ya India. Na ukiona bei imeandikwa 1,00,000 usidhani mkato umekosewa: hiyo ni laki moja, laki ile ile tuliyoipata kwao.

SWALI: Mwaka jana, nikirudi kutoka Ahmedabad, nilinyang'anywa mbata na achari uwanja wa ndege, na shangazi zangu wakazuiwa mlangoni wakilia. Nifanyeje safari hii? — Msafiri, Tanga.

JIBU: Mbata haziruhusiwi hata katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa mafuta yake huweza kushika moto. Achari iwekwe kwenye sanduku hilo la chini, chupa imefungwa mara mbili, kwani mkononi haipiti. Ama mlangoni, askari hukagua pasipoti na tikiti, na asiye msafiri haingii. Kuageni nyumbani kwa nafasi, kisha nje ya uwanja iwe mkono tu. Shangazi wakisisitiza kukupa chakula cha njiani, waombe thepla, zile chapati zenye majani ya uwatu: zikipoa na kufungwa vizuri hupita kwenye mashine bila swali, na hudumu siku kadhaa.