Re: Kwa nini Kenya tusipige kura kwa mashine?
Ndugu, umeuliza kwa nini tusinunue mashine ili matokeo yatoke usiku uleule. Lakini shida yetu haijawahi kuwa kasi ya kuhesabu. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700: karatasi inainuliwa moja moja, mawakala wa wagombea wanaona, wanatia sahihi Fomu 34A (fomu ya matokeo ya urais ya kituo), nakala inabandikwa mlangoni. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais 2017, iliyoisumbua sana ni safari ya matokeo, yaani seva na fomu, si hesabu ya kituoni. Mwaka 2022 fomu za vituo zikawekwa kwenye tovuti, na mwenye bando akajijumlishia mwenyewe.

Mashine ikikosea, wakala wako atakagua nini? Ujerumani walizitumia 2005. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ikasema matumizi hayo yalikiuka katiba, kwa kuwa raia wa kawaida lazima aweze kufuatilia hesabu bila utaalamu wowote. Kongo nao 2018 walileta mashine za kuchapa karatasi ya kura, na ugomvi wa matokeo ukabaki palepale.

Ila kuhesabu masanduku sita ya kura, moja kwa kila nafasi inayogombewa, usiku kucha kunachosha makarani, hapo nakuunga mkono. Waongezwe watu wa zamu.