Hiace inayochemsha kupanda Lushoto

Kaka, kama Hiace yako ya injini 3L (aina ya dizeli ya Toyota) joto lake linatulia Tanga mjini lakini inachemsha Mombo–Lushoto, usikimbilie kufungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini). Anza na rejeta. Upepo wa bahari una chumvi, unakula mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupozea. Yaguse kwa kidole, yakimomonyoka kama majivu, badilisha rejeta nzima. Yakiwa mazima, yaoshe kwa maji ya bomba bila presha, kutokea upande wa feni.

Halafu zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikaze. Ikizunguka yenyewe kirahisi, klachi yake (kiungo cha katikati kinachoizungusha) imevuja mafuta ya silikoni, na mlimani kwa gia ya pili feni hiyo haivuti hewa ya kutosha.

Thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, usiitoe kabisa, tafadhali, hata fundi akisisitiza, weka mpya. Kwenye rejeta weka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu, nusu maji ya betri ya kuongezea (si asidi), kamwe si ya kisima.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, iwaze mwishoni: injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa. Mapovu yasipokoma, hapo ndipo hedi ishuke.